Je, aina za galaksi ni hatua za ukuaji?

Swali: Katika kitabu kimoja niliona mchoro wa aina za galaksi uliofanana na uma wenye meno mawili. Kwenye mpini kulikuwa na galaksi za duara, na kwenye meno kulikuwa na galaksi zenye mikono. Je, mchoro huo unaonyesha jinsi galaksi inavyokua kutoka umbo moja hadi lingine? Galaksi yetu iko wapi katika mchoro huo, tumejuaje ilhali tumo ndani yake, na je, itabaki hapo daima?

Jibu: Ndugu msomaji, swali lako linagusa dhana ambayo imewapotosha wasomaji wengi tangu mchoro huo ulipochapishwa, na ambayo zamani iliwavutia hata baadhi ya wanaastronomia wenyewe. Mchoro huo hauonyeshi ukuaji. Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota na gesi, na galaksi ya duara haikui ikaota mikono. Pale ambapo galaksi hubadilika umbo, mara nyingi hubadilika kwa upande wa pili, ikipoteza mikono na kuelekea kwenye duara, na galaksi nyingi hazifiki huko kabisa. Umbo la galaksi hutokana na mambo mawili makubwa: jinsi nyota zake zinavyosafiri, na kiasi cha gesi baridi iliyobaki ya kutengenezea nyota nyingine. Ukiyashika hayo mawili, majina ya aina hizi hayatakuwa tena orodha ya kukariri, kwa maana kila jina litakueleza jambo fulani lililowahi kuipata galaksi yenyewe.

Mchoro uliouona ni kazi ya Edwin Hubble, mwanaastronomia wa Marekani. Kabla yake watu walikuwa wameyaona mawingu hafifu angani kwa muda mrefu, na mwaka 1845 Lord Rosse, akitumia darubini kubwa aliyoijenga huko Birr, Ireland, aligundua kwamba mojawapo, lile tunaloliita leo M51, lina mikono iliyojipinda. Hakuna aliyejua kwa hakika kama mawingu hayo yalikuwa ndani ya mkusanyiko wetu wa nyota au mbali nje yake. Bado mwaka 1920 wanaastronomia Harlow Shapley na Heber Curtis walisimama Washington kujadiliana hadharani juu ya jambo hilo bila kulimaliza. Mwaka 1923, kwenye mlima Mount Wilson huko California, Hubble alipiga picha za wingu la Andromeda kwa darubini yenye kioo cha upana wa mita 2.5, akapata humo nyota geugeu ya aina ya Sefeidi. Henrietta Leavitt alikuwa ameonyesha mwaka 1912 kwamba nyota za aina hiyo hufichua mwangaza wake halisi kwa muda zinaochukua kung'aa na kufifia, na mtu anayejua mwangaza halisi wa nyota anaweza kukadiria umbali wake. Hesabu ya Hubble iliiweka Andromeda nje kabisa ya mipaka yetu. Leo tunajua kwamba iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 2.5, na mwaka mmoja wa nuru ni karibu kilomita trilioni 9.5.

Alipokwisha kujua kwamba mawingu hayo ni galaksi kamili, Hubble alifanya kile ambacho mtaalamu yeyote wa viumbe angefanya mbele ya viumbe wasio na majina: aliyapanga kwa sura. Mpangilio wake ulitoka mwaka 1926, na mchoro wenye umbo la uma ulichapishwa mwaka 1936. Galaksi za upande wa kushoto, penye mpini, alizipa jina la galaksi za mapema, na za upande wa kulia, penye meno, jina la galaksi za baadaye. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Wakati huo kulikuwa na nadharia ya James Jeans iliyosema kwamba wingu la gesi linalozunguka hubonyea taratibu na hatimaye hurusha mikono kutoka ukingoni, na mchoro wa Hubble ulionekana kuifuata nadharia hiyo hatua kwa hatua. Hubble mwenyewe alisisitiza kwamba alimaanisha mpangilio wa maumbo, kuanzia lililo rahisi hadi lililo tata, wala hakuwa akihesabu umri. Nadharia ya Jeans iliachwa, lakini majina yakabaki, na wanaastronomia wanayatumia hadi leo.

Tuanze kwenye mpini. Galaksi duaradufu, zile ulizoziita za duara, huonekana kama mwanga laini usio na mikono, wenye kung'aa sana katikati na kufifia polepole kuelekea nje. Hupewa herufi E na nambari kuanzia 0 hadi 7: E0 ni ile inayoonekana duara kamili, na E7 ni ile iliyobonyea zaidi. Nambari hizo zina udhaifu ambao msomaji makini anapaswa kuujua, nao ni kwamba zinapima picha tunayoiona angani, hazipimi umbo halisi. Yai likitazamwa kutoka kwenye ncha yake huonekana duara, na likitazamwa kwa ubavu huonekana limerefuka. Vivyo hivyo galaksi moja ingeweza kuitwa E0 na mtazamaji wa huku, na E4 na mtazamaji wa pembe nyingine ya ulimwengu.

Ndani ya galaksi duaradufu kubwa, nyota husafiri kila moja kwa njia yake, kama nyuki wanaoruka kuzunguka mzinga, bila mwelekeo mmoja unaozitawala. Nyingi ni nyota za zamani zenye rangi ya manjano na nyekundu, kwa kuwa nyota nzito za buluu, ambazo huishi miaka milioni chache tu, zilikwisha kufa na hazikupata warithi. Hazikupata warithi kwa sababu gesi baridi imekwisha au imepashwa joto. Katika galaksi kubwa za namna hii gesi ipo, na wakati mwingine ni nyingi mno, lakini ina joto la mamilioni ya nyuzi na hutoa miale ya eksirei. Gesi ya joto hilo husukumana kwa nguvu kiasi kwamba mvutano hauwezi kuikusanya iwe nyota. Mfano mzuri ni M87, galaksi kubwa iliyo katikati ya kundi la galaksi la Mashuke, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 55. Kitovuni mwake mna shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haitoki humo, lenye uzito wa majua kama bilioni 6.5, lile ambalo picha yake ilitolewa mwaka 2019, nalo hurusha mchirizi wa chembe zenye kasi kubwa ambao Curtis aliuona tayari mwaka 1918 bila kujua ni kitu gani. Nguvu ya michirizi ya aina hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyoizuia gesi isipoe.

Hata hivyo, si galaksi duaradufu zote zilizo na vurugu hiyo ya mienendo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipima mwendo wa nyota katika galaksi 260 za upande wa kushoto wa mchoro, na ukaonyesha kwamba zaidi ya nne katika kila tano zinazunguka kwa mpangilio, zikiwa na kitu kama sahani iliyofichika ndani ya mwanga wao laini. Kwangu mimi huu ni ugunduzi wa kutuliza akili, kwa sababu unaonyesha kwamba mpaka kati ya mpini na meno ya uma ni hafifu kuliko mchoro unavyoudai, na kwamba jicho peke yake linaweza kuweka katika kapu moja galaksi zilizopitia maisha tofauti kabisa.

Kwenye meno ya uma ziko galaksi za mikono, ambazo wengine huziita galaksi za parafujo. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndizo zinazopendwa zaidi na ndizo zinazoeleweka vibaya zaidi. Kiini cha galaksi ya mikono ni sahani yake. Gesi inapoporomoka kuelekea katikati huku ikizunguka, mawingu yake hugongana, hupoteza nishati na kutulia, lakini mzunguko haupotei, hivyo gesi yote hujikuta imelala katika sahani nyembamba inayozunguka upande mmoja. Nyota zinazozaliwa humo hurithi mwendo huo. Tofauti hii kati ya gesi na nyota ndiyo ufunguo wa somo zima: mawingu ya gesi yakigongana husahau yalikotoka, ilhali nyota karibu hazigongani kamwe, na kwa hiyo hukumbuka njia zake kwa mabilioni ya miaka. Sahani ikiwapo, ujue kwamba gesi ilipata nafasi ya kutulia, na kwamba baadaye hakuna kishindo kikubwa kilichozivuruga nyota zake.

Hubble alizigawa galaksi hizi kwa herufi a, b na c. Aina ya Sa ina bonge kubwa la nyota katikati na mikono iliyojifunga sana. Aina ya Sc ina bonge dogo, mikono iliyojiachia, na gesi nyingi yenye nyota changa. Baadaye, mwaka 1959, Gérard de Vaucouleurs alipanua mpangilio huu kwa kuongeza hatua za d na m, pamoja na alama za galaksi zilizo kati na kati.

Na mikono yenyewe ni nini? Watu wengi hudhani kwamba ni vitu vigumu, kana kwamba nyota zimefungwa humo na kuzunguka nazo. Haiwezekani. Sehemu za ndani za sahani humaliza mzunguko mapema kuliko za nje, na mikono ya namna hiyo ingejisokota ikapotea baada ya mizunguko michache tu. Jua letu peke yake limekwisha kuzunguka kitovu cha galaksi yetu takriban mara 20 tangu lizaliwe. Mwaka 1964 Chia-Chiao Lin na Frank Shu walieleza kwamba mkono unaweza kuwa wimbi la msongamano. Fikiria msafara mrefu wa watu unaopita penye tope: kila mmoja hupunguza mwendo anapolifikia, kisha hutoka na kuendelea na safari, lakini anayetazama kutoka juu ya kilima ataona daima umati uleule mahali palepale. Gesi inapoingia kwenye msongamano hubanwa, na nyota huzaliwa. Zile nzito na za buluu hufa kabla hazijatoka humo, na ndiyo maana mikono hung'aa mno, ingawa idadi ya nyota zilizo kati ya mkono na mkono si ndogo sana ikilinganishwa na za ndani ya mikono. Maelezo haya yanafaa zaidi kwa galaksi kama M51, yenye mikono miwili mirefu iliyo wazi. Katika nyingine, kama NGC 2841, mikono ni vipande vingi vifupi vinavyotokea na kufutika, na katika majaribio ya kompyuta mikono mingi huvunjika na kuumbika upya mara kwa mara.

Tofauti ya meno mawili ya uma ni upau. Katika jino la pili, lenye alama ya SB, mikono haianzii kwenye bonge la katikati bali kwenye ncha za upau mrefu wa nyota unaokatiza kitovu. NGC 1300 ni mfano ulio dhahiri kiasi kwamba mtu huutambua kwa mtazamo wa kwanza. Kwa miaka mingi pau zilichukuliwa kuwa pambo la pembeni. Zinapotazamwa kwa nuru ya infraredi, ambayo hupenya vumbi, takriban theluthi mbili ya galaksi za mikono zilizo jirani nasi huonekana kuwa na upau wa aina fulani. Upau huisukuma gesi kuelekea katikati na kuigeuza sahani kutoka ndani polepole, bila mgongano wowote, na darubini ya anga ya James Webb imeziona pau katika galaksi ambazo nuru yake ilitoka takriban miaka bilioni 11 iliyopita.

Mahali mpini unapokutana na meno, Hubble aliweka aina ambayo mwaka 1936 ilikuwa bado ni ya kukisia zaidi kuliko kuonekana, yaani S0, galaksi za umbo la lenzi. Zina sahani kama galaksi za mikono, lakini hazina mikono, na gesi yake ni kidogo. NGC 3115 na NGC 5866 ni mifano yake. Mwaka 1980 Alan Dressler alichunguza makundi 55 ya galaksi, akakuta kwamba kadiri galaksi zinavyosongamana ndivyo zile za lenzi na za duaradufu zinavyoongezeka na zile za mikono zinavyopungua. Mazingira, basi, huacha alama. Galaksi inayotumbukia katika kundi kubwa hupita kwa kasi ndani ya gesi ya moto iliyolijaza kundi hilo, na upepo wake huipeperusha gesi baridi iliyo ndani ya sahani. Tumeona jambo hilo likitokea: ESO 137-001, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 220, inaburura nyuma yake mikia mirefu ya gesi iliyonyofolewa, na ndani ya mikia hiyo mna nyota mpya. Galaksi iliyopoteza gesi yake hufifia mikono, nayo hubaki sahani tupu ya nyota zinazozeeka.

Nje ya uma kabisa, Hubble aliziacha galaksi zisizo na umbo maalumu. Zinazojulikana zaidi ni Wingu Kubwa na Wingu Dogo la Magellan, ambazo huonekana kwa macho matupu katika anga ya kusini, umbali wa takriban miaka ya nuru 160,000 na 200,000. Hata hapa jina linadanganya kidogo, kwa maana Wingu Kubwa lina upau na dalili za mkono mmoja, na ni kwa ajili yake ile hatua ya m ya de Vaucouleurs ilipata herufi yake. Galaksi nyingine zilizowekwa katika kapu hili zilikuwa na kisa kingine kabisa: M82, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 12, ilivutwa na jirani yake M81, gesi ikamiminika kuelekea kitovu, na sasa nyota zinazaliwa humo kwa kasi kubwa kiasi kwamba milipuko ya supanova, yaani ya nyota nzito zinazokufa, inapuliza gesi nje kwa juu na kwa chini ya sahani.

Zilizo nyingi kuliko zote, na ambazo mchoro wa Hubble karibu hauzioni, ni galaksi vibete. Galaksi yetu imezungukwa na kadhaa kati ya hizo. Nyingine ni hafifu mno, zina nyota elfu chache tu, na nyota hizo husafiri kwa kasi ambayo ingezitawanya kama kusingekuwa na uzito mkubwa usioonekana unaozishikilia. Uzito huo ndio maada ya giza, ambayo Fritz Zwicky aliona dalili zake mwaka 1933 katika kundi la galaksi, na ambayo vipimo vya Vera Rubin na Kent Ford katika miaka ya 1970 viliifanya isiweze kupuuzwa, walipoonyesha kwamba kingo za galaksi za mikono huzunguka kwa kasi kuliko nyota na gesi zinazoonekana zinavyoweza kueleza. Katika galaksi vibete sehemu ya maada hiyo ni kubwa sana. Yeyote anayetaka kuuliza swali la galaksi ni nini hasa, ningemshauri azitazame hizi kabla ya zile kubwa zenye picha nzuri.

Sasa turudi kwenye swali lako la mabadiliko. Mwaka 1966 Halton Arp alichapisha picha za galaksi 338 za ajabu, zenye mikia, madaraja na pete, ambazo hazikuingia katika mchoro wowote. Mwaka 1972 ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, waliingiza kwenye kompyuta sahani mbili zinazopita karibu karibu, wakaona mvutano peke yake ukizichora mikia na madaraja yaleyale. Galaksi mbili ziitwazo Antena, NGC 4038 na NGC 4039, zilieleweka mara moja kuwa ni sahani mbili zilizokumbatiana. Galaksi zinapogongana nyota zake hupishana, kwa kuwa nafasi kati yake ni kubwa mno, lakini njia zake huvurugwa, na ule mpangilio wa sahani hupotea. Alar Toomre alipendekeza baadaye, katika mwaka 1977, kwamba matokeo ya mwisho ya ndoa kama hizo ni galaksi duaradufu. Ndiyo maana nilisema safari ni ya kutoka meno kwenda mpini. Si sheria isiyo na ubaguzi, kwani galaksi zilizo na gesi nyingi zikiungana, gesi hiyo inaweza kutulia tena na kujenga sahani mpya. Lakini nyota za zamani, ambazo njia zake zimekwisha kuvurugwa, haziwezi kurudishwa kwenye sahani kwa nguvu yoyote tunayoijua. Kwa sababu hiyohiyo galaksi duaradufu kubwa, iliyoishiwa gesi baridi, haiwezi kuota mikono kwa kuzeeka tu.

Umbo na rangi huenda pamoja mara nyingi, za mikono zikiwa buluu na za duaradufu zikiwa nyekundu, lakini si daima. Mradi wa Galaxy Zoo, ulioanzishwa mwaka 2007, uliwaalika watu wa kawaida kuziainisha kwa macho galaksi karibu milioni 1, na humo zikapatikana galaksi za mikono zilizo nyekundu na galaksi duaradufu za buluu. Maana yake ni kwamba galaksi inaweza kuacha kuzaa nyota bila kuharibiwa sahani yake, na inaweza kuvurugwa umbo huku ikiwa bado ina gesi ya kuzalia nyota. Kwa hiyo mabadiliko mawili ambayo mchoro uliyafunga katika mstari mmoja yanaweza kutokea kila moja kwa wakati wake.

Utakutana pia na majina kama galaksi za Seyfert, galaksi za redio na kwasari. Hizo usiziweke kwenye uma. Carl Seyfert alieleza mwaka 1943 galaksi za mikono zenye vitovu vinavyong'aa kupita kawaida, na mwaka 1963 Maarten Schmidt alitambua kwamba 3C 273, kitu kilichofanana na nyota, kiko mbali mno na hivyo kina mwangaza wa kupindukia. Yote hayo ni majina ya hali ya kitovu, pale shimo jeusi linapokuwa linameza gesi kwa wingi, na hali hiyo huja na kupita ilhali umbo la galaksi likibaki.

Kuhusu galaksi yetu, Njia Nyeupe, kutoiona kwa nje ni kikwazo cha kweli, lakini ushahidi uko wa kutosha. Mwanga wake huonekana angani kama ukanda, na hivyo ndivyo sahani inavyopaswa kuonekana kwa aliyemo ndani yake. Mwaka 1918 Shapley aligundua kwamba vishada vya duara vya nyota vimekusanyika kuelekea kundinyota la Mshale, akatambua kwamba kitovu kiko huko, wala si hapa tulipo. Umbali wake unakadiriwa leo kuwa takriban miaka ya nuru 26,000. Mwaka 1951 mawimbi ya redio ya haidrojeni yenye urefu wa sentimita 21 yalinaswa kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa mawimbi hayo hupenya vumbi na huonyesha kasi ya gesi inayoyatoa, mikono ilianza kuchorwa. Upau ulithibitishwa kwa nuru ya infraredi, kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha kwa uhakika zaidi kwa darubini ya anga ya Spitzer mwaka 2005. Kwa hiyo tumo katika jino la pili la uma, kati ya b na c, katika daraja linaloandikwa SBbc.

Chombo cha anga cha Gaia, kilichorushwa mwaka 2013, kilipima mahali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni 1, na mwaka 2018 watafiti walitambua humo nyota nyingi zinazosafiri kwa njia ndefu zilizochongoka, zisizofanana na mzunguko wa sahani. Ni mabaki ya galaksi nyingine iliyomezwa na yetu takriban miaka bilioni 10 iliyopita. Njia Nyeupe ilipata kishindo hicho ingali changa, gesi yake ikatulia tena, na tangu hapo imekula galaksi ndogo ndogo tu. Ile kibete ya Mshale, iliyogunduliwa mwaka 1994, inararuliwa hivi sasa. Ndiyo maana sahani yetu ingalipo.

Kama itaendelea kuwapo, hilo hutegemea jirani zetu. Andromeda inatukaribia kwa kasi ya takriban kilomita 110 kwa sekunde, na mwaka 2012 vipimo vya darubini ya anga iliyopewa jina la Hubble vilionekana kuonyesha kwamba zitagongana baada ya miaka bilioni 4 hivi na hatimaye kuungana kuwa galaksi duaradufu moja. Uchambuzi mpya wa mwaka 2025, uliotia katika hesabu mvutano wa Wingu Kubwa la Magellan na wa galaksi ya M33, umekuta kwamba uwezekano wa muungano huo katika miaka bilioni 10 ijayo ni karibu nusu kwa nusu. Kinachotarajiwa kwa uhakika mkubwa zaidi ni kwamba Wingu Kubwa la Magellan lenyewe litaingia ndani ya galaksi yetu, na hilo huenda likatokea baada ya takriban miaka bilioni 2, likileta pamoja nalo gesi mpya.